Divai ya mezani: ipi kwa sambaza, ipi kwa mbuzi?

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yake, jirani yangu mmoja wa hapa Muhumba alinijia jioni na karatasi mkononi. Ilikuwa hesabu ya kamiti ya harusi. Mchele, mbuzi, sambaza, mafuta, viti, muziki: yote yameandikwa, na kila kitu na bei yake. Lakini mstari mmoja ulipita mingine yote: divai ya Ulaya, chupa sitini. Fedha ya mstari ule ilizidi bei ya mbuzi wote pamoja.

"Mzee," akaniambia, "kamiti wanasema tusipoweka divai ya Ulaya wakwe watatucheka. Fedha hiyo mimi sina, itanibidi kukopa. Wewe umezoea kusoma mambo hayo. Niambie, divai hiyo yafaa nini na chakula chetu?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Kweli nimesoma mengi juu ya divai, lakini vitabu hivyo husema habari za nyama ya kondoo wa Ulaya na samaki wa bahari. Havisemi neno juu ya sombe. Tena siku hizi kukopa si mchezo. Mwezi wa Februari 2025, mji wetu ulipotwaliwa na M23, mabenki yalifunga milango, na watu wengi wakajifunza uzito wa dola moja. Basi tukapatana hivi: tusihukumu divai kwa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, bali tuionje. Tununue chupa chache, kila moja isizidi dola kumi, kisha tuzinywe pamoja na vyakula vile vile vitakavyopikwa siku ya harusi. Habari za jioni ile ndizo nataka kuwasimulia, maana naona si jirani yangu peke yake aliye na karatasi ya namna hiyo mfukoni.

Divai ni nini?

Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira iliyomo hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa alkoli. Sukari ikiliwa yote, divai huwa kavu, yaani haina utamu. Ikibaki sukari, divai huwa tamu. Hapo hakuna uganga wowote. Mama anayetengeneza pombe ya ndizi ajua jambo hilo kuliko mimi.

Ulimi wa mtu huona mambo manne katika divai. La kwanza ni utamu. La pili ni uchachu, kama wa ndimu. La tatu ni ukali wa alkoli, unaotia joto kooni. La nne ni ukakasi. Ukitaka kujua ukakasi ni nini, tafuna kipande cha ndizi mbichi: mdomo wote hukauka na ulimi hukwama. Ukakasi wa divai hutoka katika maganda na mbegu za zabibu. Kwa kuwa divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ina ukakasi mwingi. Divai nyeupe ina kidogo sana. Mkishika hayo manne, mtaelewa yote yatakayofuata, hata kama hamjapata kuonja divai yoyote isipokuwa siku ya sikukuu.

Meza yetu

Tulikuwa watu watano: jirani yangu na mke wake, katekista mmoja mzee aliyekwisha kustaafu, mama mmoja mjane wa Bagira, na mimi. Yule mama mjane hutengeneza kasiksi, na kwa kasiksi hiyo hulipa karo ya watoto wake. Jirani yangu alimwita kwa sababu nilimwomba. Nalisema, "Haifai kuhukumu vinywaji vya wageni na kukisahau cha nyumbani."

Tulikuwa na chupa nne na kibuyu kimoja. Chupa ya kwanza ni divai nyeupe kavu ya Afrika Kusini, ya zabibu iitwayo Chenin Blanc. Zabibu hiyo asili yake ni Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini huilima kuliko zabibu nyingine zote. Msishangae: kule Cape watu walikamua divai yao ya kwanza mwaka 1659. Chupa ya pili ni divai nyekundu ya Ufaransa, yenye karatasi ya rangi ya dhahabu na picha ya ngome; hiyo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Chupa ya tatu ni divai nyekundu tamu, nayo ya Afrika Kusini. Ya nne ni divai nyekundu kavu ya Dodoma, Tanzania, niliyoletewa na msafiri. Na kibuyu, bila shaka, kilikuwa cha kasiksi.

Nikafunika chupa zote kwa magazeti, nikaandika namba tu. Kasiksi nikaimimina katika chupa tupu, nayo nikaifunika. Kwa kila sahani, kila mtu aliweka punje moja ya hindi mbele ya kinywaji alichokipenda. Naungama kwamba nilikuwa na hakika rohoni mwangu kuwa chupa ya dhahabu itashinda.

Sahani ya kwanza: sambaza

Tulianza na sambaza zilizokaangwa, pamoja na ndimu na chumvi. Vijana wengi hudhani kwamba sambaza wako katika Ziwa Kivu tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa letu mwaka 1959. Leo ni chakula cha tajiri na cha maskini.

Hapa hukumu ilikuwa wazi. Punje nne zikaenda kwa divai nyeupe, moja kwa kasiksi. Uchachu wa divai nyeupe ulifanya kazi ile ile ya ndimu: ulikata mafuta, ukausafisha mdomo, ukatuamsha hamu ya kula tena. Lakini divai nyekundu, zote mbili kavu, ziliharibika kabisa mbele ya sambaza. Mke wa jirani yangu alikunja uso, akasema, "Hii ina ladha ya msumari." Alisema kweli kuliko alivyojua. Mwaka 2009 wataalamu wa Ujapani walionyesha kwamba chuma kidogo iliyomo katika divai, ikikutana na vyakula vya baharini, ndiyo inayoleta ile harufu mbaya ya samaki mdomoni. Divai nyekundu mara nyingi huwa na chuma nyingi zaidi. Basi ile desturi ya Wazungu ya kunywa divai nyeupe na samaki si maringo tu. Ina sababu yake, na sambaza wetu wameishuhudia.

Sahani ya pili: sombe na bugali

Hapo pana kazi. Sombe ina mafuta ya mawese, ina uchungu kidogo wa majani, tena imepikwa muda mrefu. Divai ya Ufaransa iliongeza uchungu juu ya uchungu. Divai nyeupe haikuharibu kitu, lakini haikusaidia kitu pia. Ilikuwa kama mgeni anayekaa kimya mpaka mwisho wa karamu. Divai tamu ilikuwa mbali na sombe kama sukari juu ya chumvi.

Kasiksi ndiyo iliyoshinda, punje zote tano. Utamu wake mdogo ulipoza uchungu wa majani, na uchachu wake ukayavunja mafuta ya mawese. Tena ile harufu ya mtama uliokaangwa iliungana vizuri na bugali. Nilipofunua gazeti, yule mama wa Bagira aliinamisha kichwa akacheka. Akasema, "Nilidhani mimi peke yangu naijua kwa sababu ni yangu." Jirani yangu hakusema neno, lakini niliona akiitazama tena karatasi yake.

Sahani ya tatu: nyama ya mbuzi

Mbuzi alikuwa wa kuchoma, mwenye chumvi na mafuta, na pilipili kando. Hapo divai nyekundu kavu ndipo inapopata kazi yake. Ukakasi hukamatana na nyama na mafuta, hata ukali wake hupungua. Chumvi nayo huulainisha. Ndiyo sababu divai ile ile iliyoonekana ngumu pasipo chakula huwa laini ikinywewa pamoja na nyama.

Divai ya Dodoma ilipata punje tatu. Ina rangi nzito, ina ukakasi wa kutosha, na harufu ya matunda yaliyoiva sana. Siwezi kusema kwamba ni divai ya ajabu. Ni ya mkulima: imesimama wima, haisemi mengi, yafanya kazi yake. Nafurahi pia kwa sababu ya historia yake. Mizabibu ilipandwa Dodoma katika miaka ya 1950 na wamisionari, na Bihawana ni mahali panapotajwa mbele. Kule ni nchi kavu yenye mvua kidogo na jua kali, na wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Hata pana zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, jina la mahali huko huko. Sisi wa Bukavu tuna mvua karibu miezi tisa. Ukungu hula mizabibu kabla ya mtu kula zabibu. Kila nchi na tunda lake.

Punje mbili zilizobaki zilikwenda kwa divai tamu, na hapo ndipo nilipofundishwa. Nalimwambia katekista, "Mzee, divai tamu na nyama? Hiyo ni ya watoto." Naye akanijibu kwa upole, "Wewe umekula nyama bila pilipili. Chovya, kisha unywe." Nikachovya, nikanywa. Ilikuwa kweli. Divai kavu yenye alkoli nyingi huchochea moto wa pilipili, lakini sukari huuzima. Tangu siku ile simcheki tena mtu anayependa divai tamu. Namwuliza tu kwanza anakula nini.

Sahani ya mwisho ilikuwa fromaji ya Masisi. Ni laini, si kali, na chumvi yake ni ya kiasi. Divai ya Dodoma na divai nyeupe zikagawana punje. Hapo sina sheria ya kutoa; kila mtu na afuate ulimi wake.

Na chupa ya dhahabu?

Haikupata hata punje moja. Tulipozibua, kizibo kilikuwa kikavu, kikavunjika. Divai yenyewe ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya udongo, na harufu yake ilikuwa kama ya matunda yaliyochemshwa yakasahauliwa, na siki kidogo ndani yake. Wasomaji, msiseme kwamba divai ya Ufaransa ni mbaya. Hiyo ingekuwa hukumu ya mjinga. Nchi hiyo hutoa divai nzuri sana. Lakini divai ni kitu hai. Ikisafiri wiki nyingi katika joto, kisha ikisimamishwa dirishani dukani juani mwezi baada ya mwezi, kizibo hukauka, hewa huingia, divai hufa. Mnunuzi hulipa bei ya ngome iliyo juu ya karatasi, lakini anachokunywa ni maiti ya divai.

Kwa hiyo haya ndiyo mashauri yangu kwa mwenye fedha kidogo. Usinunue chupa iliyosimama penye jua. Chupa yenye kifuniko cha kusokota ni salama kuliko yenye kizibo, kwa maana kifuniko hakikauki, usiidharau. Divai nyeupe ya bei ndogo inywe ingali changa, isiwekwe miaka. Nyeupe iwe baridi. Kama huna frigo au umeme umekatika, funga chupa kwa kitambaa kilicholowa maji na kuiweka penye upepo. Nyekundu, usiku wetu wa Bukavu watosha kuipoza. Chupa ikifunguliwa, imalizwe kwa siku mbili au tatu; kisha yafaa kwa kupikia tu. Na kama divai ni ya bei ndogo mno, haina jina la mtengenezaji wala la nchi, iache. Huenda si divai hata kidogo, ila ni maji, rangi, sukari na alkoli.

Neno juu ya kasiksi

Nimeisifu kasiksi, lakini mhakiki asiyetaja makosa ni msemaji wa soko tu. Kasiksi ina makosa matatu. Kwanza, haikai. Leo ni tamu, kesho ni nzuri, siku zikipita ni kali na chachu. Anayeitaka kwa karamu apatane na mtengenezaji siku kamili. Pili, nguvu yake haijulikani. Chupa ya divai huandikwa kiasi cha alkoli. Kibuyu hakiandikwi kitu. Hunyweka kama maji ya matunda, kisha mtu ataka kusimama, miguu yakataa. Tatu, usafi. Maji yasiyochemshwa na mikono isiyooshwa huharibu kazi yote. Mama yule wa Bagira huchemsha maji yake na kuchuja mara mbili, na ladha yenyewe hushuhudia. Si wote wafanyao hivyo. Muulize mtengenezaji kabla ya kununua. Aliye safi hatakasirika.

Tena tusisahau shida ya wakulima. Tangu mwaka 2001 ugonjwa wa kunyausha migomba ulipoonekana Masisi, ukaenea katika Kivu, mashamba mengi yalikatwa. Ndizi za pombe zikapungua, na kasiksi ikapanda bei. Anayelipa bei ya haki kwa kasiksi njema asidhani ametapanya fedha. Amemsaidia mwenye shamba na mjane pamoja.

Katekista aliniomba niandike jambo jingine, na ni haki. Mtu mmoja alipata kumwuliza: kama kasiksi ni divai ya ndizi, mbona haitumiki katika Misa? Jibu ni fupi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kasiksi, hata iwe safi namna gani, si tunda la mzabibu. Hiyo si dharau kwa ndizi zetu. Hata divai ya Ulaya iliyogeuka siki, kama ile chupa ya dhahabu, haikubaliwi altareni. Meza ya Bwana ina sheria yake. Meza ya nyumbani inayo uhuru.

Kiasi

Twajua sote kwamba Bwana wetu alikwenda harusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwaacha wenye karamu waaibike. Wengine hushika sehemu hiyo tu ya habari, wakaifanya ruhusa ya kulewa. Lakini tutazame tena: aliyeokolewa pale ni maskini aliyeogopa aibu mbele ya wageni, kama jirani yangu. Baba anayekopa dola mia ili asichekwe, kisha watoto wakakaa nyumbani kwa kukosa karo, hajafuata Kana.

Na yuko ndugu ambaye bilauri moja kwake ni mlango wa shimo. Huyo asilazimishwe, wala asiulizwe sababu mbele ya watu. Kanisa lenyewe limeweka njia kwa padri asiyeweza kunywa divai: kwa ruhusa ya askofu wake aweza kutumia maji ya zabibu ambayo hayajachachuka kwa kadiri ya divai. Ikiwa altare inamhurumia mtu wa namna hiyo, meza ya harusi isishindwe. Maji ya marakuja yawekwe mezani pamoja na chupa nyingine, si pembeni pamoja na watoto.

Harusi ilikuwaje?

Jirani yangu alifuta ule mstari wa chupa sitini. Akanunua chupa kumi na mbili za divai nyeupe kwa sambaza, na kasiksi akaiagiza Bagira, iletwe asubuhi ya siku yenyewe. Marakuja yalikamuliwa na mama wa jirani. Hakukopa.

Wakwe walicheka? Baba mdogo mmoja wa bwana arusi alinung'unika kidogo, akauliza iko wapi divai ya Ulaya. Akapewa bilauri ya divai nyeupe pamoja na sambaza, akanyamaza, akala. Lakini yule mzee mkubwa wa upande wao, ambaye kamiti walimwogopa kuliko wote, alipofika kwenye sombe aliomba kasiksi, kisha akaomba tena, akauliza ametengeneza nani. Yule mama akaitwa. Mzee akasimama, akamshukuru mbele ya watu wote.

Jumatatu watoto wa nyumba ile walikwenda shule. Jirani yangu alinionyesha karatasi ya hesabu, imekunjwa katika kitabu chake cha sala. Chini kabisa, mahali pa deni, aliandika sifuri.